Yateleza hii

Saa saba kasorobo usiku. Mama Salma kashageukia ukutani zamani, na mie niko jikoni na simu yenye chaji asilimia 31, namsikia mkwe wangu akirudia maneno yale yale matatu kwa sauti ile ile ya chini.

"Yateleza hii, mwanangu."

Aliyasema Jumanne. Leo Ijumaa imeshakwisha na bado yananizunguka.

Nilikwenda kumpokea Malindi, kaja na boti ya Pemba kwa ajili ya kliniki ya macho Mnazi Mmoja. Jicho la kulia lina mtoto wa jicho, na la kushoto limeanza kulifuata mwenzake. Ofisini nilipewa ruhusa ya saa mbili tu, sikuwahi kwenda kuazima Vitz ya shemeji, nikaenda na Bi Mdogo. (Wageni wa hapa: Bi Mdogo ni gari yangu, Toyota Chaser, JZX100 ya 1997. Jina kalitoa mke wangu, na hakulitoa kwa mapenzi.) Mzee akapanda mbele na kikapu chake magotini, hataki kabisa kiwekwe nyuma, ndani mna asali. Getini askari akatupungia tupite. Nikakanyaga mafuta kidogo, kidogo kabisa, kama unavyoendesha ukiwa na mkwe. Mshale wa mizunguko ya injini ukapanda, elfu moja na nusu, elfu mbili, injini inanguruma, gari iko pale pale. Kisha ndo ikajivuta ikaondoka. Mzee akainamisha kichwa upande mmoja kama kuku aliyesikia mwewe.

Darajani ikawa vile vile. Foleni ya Michenzani mara ya tatu, mara ya nne. Akageuza uso dirishani, akawa anayatazama yale majumba marefu kana kwamba anasema nayo, akasema:

"Yateleza hii, mwanangu."

Nikajibu, "Aah, Baba, ndivyo ilivyo."

Akanyamaza. Tumefika karibu na Mwanakwerekwe, akapunguza sauti ili Salma aliye nyuma asisikie: "Mambo yakiwa magumu, niambie. Usinione haya."

Ndivyo ilivyo! Katika maneno yote niliyofunzwa na wazazi wangu, skuli na chuoni, nimekosa la kumwambia mzee isipokuwa "ndivyo ilivyo", jibu la mtu ambaye gari imemfia na hana hata senti. Siku nne hizi nimeshamjibu upya mara hamsini. Nikiwa naoga namjibu vizuri sana. Kwenye daladala namjibu kwa ufasaha mpaka abiria wananitazama.

Lazima mjue huyu ni nani. Mkwe wangu kaendesha lori la karafuu miaka ishirini na kitu, Konde, Wete, Mkoani, vile vilima vyote vya Pemba na mzigo mgongoni. Yuko barazani, gari inapita barabarani, anakwambia klachi ya yule haimalizi mwezi. Mnaoikumbuka posti ya posa mnajua kwamba hakuniuliza mshahara. Aliniuliza, "Maji wayatazama kabla hujawasha, au baada?" Wakati ule nilikuwa na Starlet. Nikasema kabla. Nikapewa mke.

Sasa mtu kama huyo kapanda gari ya mkwewe, kasikia injini inapanda na magurudumu hayafuati, atafikiri nini? Kafikiri kile ambacho fundi yeyote mwenye akili zake angefikiri: gia boksi imekwisha, haishiki tena, na huyu kijana hana pesa ya kuitengeneza, anajikaza mbele ya mtoto.

Kinachonikereketa ni kwamba hakukosea. Inateleza kweli. Nimelipa iteleze. Nimesubiri siku arobaini kontena lije kutoka Australia na konveta mpya, kile kibuyu cha oili kinachopitisha nguvu ya injini kwenda gia boksi, nimelipa ushuru, nimelipa fundi (bei siiandiki, Mama Salma husoma hapa), yote hayo ili gari iliyokuwa inashika vizuri iache kushika.

Ile konveta ya kiwanda ilikuwa inakamata mapema, mshale ukiwa elfu mbili na kidogo. Toyota hawakufanya makosa: turbo waliyoiweka wao (ile inayoisukumia injini hewa zaidi) inafikia uvutaji wake mkubwa kwenye mizunguko 2,400, basi konveta na turbo wakawa wanakutana njiani kama mke na mume. Mie ndo niliyewaachanisha. Mwaka jana nilitia ile turbo kubwa, na hiyo haiamki mpaka mshale ukaribie 3,500. Ikawa taa ikiwaka kijani gari inaondoka kama imebeba mchanga, halafu imeshafika katikati ya njia ndo inakumbuka kwamba ina turbo. Hii konveta mpya inaiacha injini ipande mpaka 3,200 kabla ya kuikamata sawasawa. Ni ndogo kuliko ya zamani, ukiziweka pamoja ni sahani ya pilau na kisahani cha kikombe.

Nilichotakiwa kumwambia ni hiki. Baba, chukua boti iliyofungwa kamba gatini. Washa mashine, fungua mafuta mpaka mwisho. Boti haiendi, lakini maji nyuma yanachafuka, na mashine inafika mahala haiwezi kupanda zaidi kwa sababu maji yameilemea. Mahala hapo ndo mafundi wanaita stoli. Ukifungua lile pangaboi ukatia dogo, mashine itapanda juu zaidi kabla maji hayajaikamata. Konveta ni hivyo hivyo, ila badala ya maji ni oili, na vyote vimo ndani ya kibuyu kimoja cha chuma: pangaboi moja linasukuma oili, jengine linasukumwa, na katikati kuna kadogo kanakoigeuza oili inayorudi ili isije ikampinga aliyeituma. Hako kadogo ndo mwenye siri. Gari ikiwa bado imesimama, hako kanafanya nguvu ya kuzungusha inayofika gia boksi iwe karibu mara mbili ya ile iliyotoka kwenye injini. Baba, haijaharibika. Inakusanya.

Angenielewa dakika moja. Mtu wa Wete huyo, boti kazijua kabla ya gari.

Na laiti ningempitisha njia ya Tunguu! Kule ukishatia gia ya nne na mwendo umetulia, lokapu inashika, konveta inakuwa kitu kimoja na injini, hakuna cha kuteleza wala nini, mzee angelala usingizi na asali yake. Lakini nimempitisha Darajani na Michenzani, kukanyaga na kusimama, kukanyaga na kusimama, mahala pekee duniani ambapo Bi Mdogo anaonekana mgonjwa.

Siku ya kuifunga konveta mlitaka niandike, sikuandika. Nilichokumbuka ni sikio la fundi tu. Kaimiminia konveta oili lita nzima kabla ya kuipachika, maana ikiwashwa kavu pampu ya gia boksi inakufa, kisha kaibeba kifuani kama anabeba mtoto aliyelala, kaisukuma kwenye shafti, kaanza kuizungusha kwa vidole viwili, shavu limegusa gia boksi. Tak. "Moja," kasema. Anazungusha. Tak. "Mbili." Kijana wake kashachukua boliti, anataka kufunga. Kamtazama hivi, jicho moja. "Bado." Kazungusha tena, taratibu, nyundo za jirani zinapiga, daladala zinapiga honi, na yeye anasikiliza kitu kidogo kuliko punje ya mchele. Tak. "Sasa." Ungeifunga kwenye ile ya pili, boliti zingeivuta kwa nguvu na pampu ingepasuka siku hiyo hiyo.

Masikio ya watu wa aina ile. Mkwe wangu na fundi wangu hawajawahi kuonana.

Mengine ya wiki: Jumapili iliyopita tulivuka Bara kupima mbio, Bi Mdogo kaimaliza mita 402 kwa sekunde 13.1 wakati kabla ya konveta ilikuwa 13.9, zile mita 18 za mwanzo zimeshuka kutoka sekunde 2.4 mpaka 1.9, tukarudi na boti ya jioni. Jumapili nilidhani ningeandika kurasa tatu juu ya hiyo 1.9. Jumanne ikaja.

Basi mpaka jana nilikuwa nimekasirika. Nikubali. Nilikuwa namwambia Mama Salma kwamba baba yake ananiona maskini, miaka tisa ya ndoa bado ananipima kama ile siku ya posa, na maneno mengine ambayo hakuyajibu, aliendelea kuchambua mchele.

Jana alasiri nimerudi, mzee kashakwenda Bububu kwa dada yake. Mama Salma kanipa bahasha. Si bahasha hasa, ni karatasi ya miadi ya kliniki, ya zamani, imekunjwa mara nne na kufungwa mpira. Juu kaandika kwa kalamu ya wino, herufi kubwa kubwa zinazoteremka upande mmoja, za mtu asiyeuona mstari:

YA GIA BOKSI

Nikacheka. Kweli nilicheka, na Mama Salma akacheka mpaka akakaa chini. Kisha nikafungua. Noti kumi na mbili za elfu kumi, noti kumi na mbili za elfu tano. Laki moja na themanini. Zile za elfu tano zimelegea kama kitambaa, zina harufu ya karafuu, au labda mie ndo nimeisikia hiyo harufu kwa kujua zimetoka wapi. Huyu anangoja kufanyiwa jicho.

Nikaacha kucheka.

"Mwambie ukweli," Mama Salma kasema.

"Ukweli upi?"

"Kwamba mwanawe kaolewa uke wenza."

Usiku nikarudi kwenye yale maneno, na safari hii nikayasikia mahala pengine. Hakusema mbovu. Hakusema imekufa. Alisema yateleza, akaacha, akaniachia nafasi. Na uso kaugeuza dirishani makusudi, ili nisione anaponitazama. Nilidhani ni dharau ile, kumbe alikuwa ananistiri. Halafu akangoja kutoka Michenzani mpaka Mwanakwerekwe, foleni yote ile, kabla ya kusema la pili. Anayapanga maneno yake. Na mie nilikuwa natazama geji.

Maana geji nayo ilikuwa na yake. Wakati mzee anasema usinione haya, joto la oili ya gia boksi lilikuwa nyuzi 118, na mie napenda lisipite 95. Ndo bei ya konveta kama hii mjini: kwenye foleni inateleza muda wote, na oili inayoteleza inachemka. Rejeta ndogo ya oili tumeitia mbele, lakini haina feni yake, inategemea upepo, na Michenzani saa saba mchana upepo gani? Leo asubuhi nimechomoa kijiti cha kupimia oili nikafuta kwenye karatasi nyeupe. Bado nyekundu, lakini si nyekundu ya mwanzo. Nyekundu ya juisi ya rosela iliyolala. Nimenusa. Bado haijaungua.

Kwa hiyo ninahitaji feni. Na feni, ukiitazama vizuri, ni ya gia boksi.

Leo baada ya sala ya Ijumaa karudi kutoka Bububu, tumekaa barazani, kahawa na kashata, boti yangu na kamba yake na pangaboi lake nimeshavipanga kichwani. Nikafungua mdomo. Akanitangulia.

"Umeshaipeleka?"

"Kesho, Baba, inshallah."

"Umwambie fundi atazame na oili. Nilisikia harufu."

Nimenusa asubuhi hii hii na pua yangu kwenye kijiti, sikusikia kitu. Yeye kanusa kwenye foleni, ana kikapu cha asali magotini. Au hakunusa, kasema tu ili fundi asinidhulumu. Sijui, na boti haikutoka gatini. Nimesema ahsante, Baba. Akasema karibu, kama tumepeana kikombe. Ile karatasi iko kwenye droo ya Bi Mdogo na mpira wake, noti zote zimo.

Subirini, pampu ya kisima imewaka tena. Usiku wa nne huu. Nimetoka nje na tochi ya simu, mabomba yote yamefungwa, tangi halivuji, nimepapasa ukuta mzima mpaka kwa jirani, mkavu. Imekwenda dakika tatu hivi, ikazima yenyewe. Maji yanakwenda wapi?