Bamvua Mjini Charleston

Jumapili usiku, Charlotte, North Carolina, Marekani.

Viatu vyangu bado vimelowa. Nimeviegemeza ukutani huko nje na chumvi imeanza kuchora mistari myeupe kwenye ngozi. Mimi ni mtoto wa Pangani, pwani ya Tanzania. Nimekua nikisikia watu wazima wakihesabu maji kwa mwezi, leo bamvua, maji yanayojaa kupita kawaida, juma lijalo maji mafu. Lakini kwetu bamvua unalifuata wewe ufukweni. Jana lilinifuata lenyewe, mtaani, saa nne asubuhi, jua linawaka na mbinguni hakuna hata wingu.

Ilikuwa Market Street, Charleston, jimbo la South Carolina. Maji yalichomoza kwenye vifuniko vya mitaro, yakatambaa kimya kimya mpaka kwenye magurudumu ya magari. Wenyeji walikuwa wameshavaa mabuti ya mpira. Mwenye duka mmoja alipanga mifuko ya mchanga mlangoni kwake kwa utulivu wa mtu anayefagia uwanja. Mji umekaa kwenye rasi, kati ya mto Ashley na mto Cooper, na sehemu kubwa ya ardhi yake ya chini ilikuwa vijito na matope ya chumvi. Watu wakafukia, wakajenga juu. Mwezi ukipevuka, hasa Oktoba kama hii, bahari inarudi kwenye njia zake. Sasa wanazungumzia ukuta wa karibu kilomita 13 kuizunguka rasi, kazi ya zaidi ya dola bilioni moja. Nilisimama kwenye kizingiti cha watu, binti yangu nimempakata ingawa ameshakuwa mzito, nikingoja maji yatue.

Naandika leo leo kabla mambo hayajachanganyika kichwani. Miaka mitano tunakaa Charlotte, mwendo wa saa tatu na nusu tu kwa gari, na kila mtu kazini ameniambia niende Charleston. Nimekwenda. Nimeupenda mji ule, na umeniumiza, na mambo hayo mawili sikuweza kuyatenganisha kwa siku zote tatu.

Nianze na uzuri, maana uzuri upo na nisingependa kuudhulumu. Watalii wanakimbilia East Bay Street, kwenye zile nyumba 13 zilizoshikana, kila moja na rangi yake. Nzuri kweli. Mimi nilishikwa na nyumba za mitaa ya nyuma. Nyumba ya kale ya Charleston ina upana wa chumba kimoja tu. Kichwa chake kiko mtaani, mwili mzima umelala kuelekea ndani ya kiwanja. Ubavuni, upande wa kusini au wa magharibi unaopata upepo, pana varanda ndefu, ghorofa juu ya ghorofa, wenyewe wanaiita piaza. Na mlango wa mtaani, ule wenye fremu nzuri na kitasa cha shaba, ukiufungua huingii nyumbani. Unaingia kwenye piaza. Nilisimama pale nikatabasamu mwenyewe: hili si daka? Mahali pa mgeni aliyekwisha kupiga hodi lakini hajakaribishwa ndani. Joto ni lilelile, unyevu ni uleule unaogandisha nguo mgongoni, na watu wa pwani mbili zisizojuana wamefikia jibu linalofanana.

Kuna kitu kingine nilikipenda. Kwenye kuta nyingi utaona vyuma vya duara, kama vifuniko vya sufuria vilivyopigiliwa. Tarehe 31 Agosti 1886 tetemeko kubwa liliupiga mji. Baada yake watu walipitisha nondo ndefu ndani ya nyumba, kutoka ukuta hadi ukuta, na kuzikaza kwa vyuma hivyo nje. Zaidi ya miaka 130 baadaye nyumba bado zimefungwa mikanda. Kwetu nyumba za wafanyabiashara wa zamani, zile zinazotazama mto na kivuko cha kwenda Bweni, zinamomonyoka mvua hadi mvua, na mizizi ya miti imekwisha kuwa ndiyo nguzo. Niliona wivu. Nilitamani mtu mmoja tu aje na nondo.

Chakula kifupi: bamia, kamba, kaa, wali. Wali wa kunde wanao, wanauita Hoppin' John, na nilipouona kwenye orodha roho ilinicheza. Ila hupikwa na nyama ya nguruwe. Niliuliza mahali patatu, na patatu walinijibu kwa upole kwamba hawawezi kuitoa, imekwisha kuingia kwenye kunde. Nikala kamba. Bei zake sitaziandika. Maegesho ya gari kwa siku moja yamenigharimu kama chakula cha mchana cha sisi watatu, na harufu ya mkojo wa farasi wanaovuta magari ya watalii haikuniachia hamu hata ya hicho kidogo.

Kuhusu wali nataka kusema zaidi. Utajiri ulioziinua nyumba hizi ulitoka kwenye mpunga. Waingereza walioanzisha koloni mwaka 1670 hawakuwa wakulima wa mpunga. Waliokuwa wakiujua, wanaojua maji ya kupwa na kujaa yanavyoweza kulishwa shambani na kuzuiwa, ni watu wa pwani ya Afrika Magharibi waliotekwa na kuuzwa. Walichimba mifereji, wakajenga matuta, wakapanda, wakatwanga, wakapepeta, na hawakulipwa.

Ijumaa mwongozaji mmoja alitusimamisha mbele ya ukuta wa tofali, akatuonyesha alama ndogo. Ilikuwa alama ya vidole. Watumwa walifyatua tofali kwenye mashamba ya kando ya mito, na kazi ya kuzigeuza zikiwa bado mbichi mara nyingi ilikuwa ya watoto. Tofali likachomwa na vidole vyake ndani. Akamwambia binti yangu, ana miaka tisa, kwamba anaweza kugusa. Binti yangu akatia mikono mfukoni. Hakusema kitu mpaka tukafika kwenye gari, na huko aliuliza kama yule mtoto alijua kwamba ameacha alama. Baba yake akasema hajui. Mimi sikuweza kujibu.

Jana mchana, maji yalipopwa, tulikwenda kwenye jumba la makumbusho la Waafrika Wamarekani lililofunguliwa Juni 2023. Limejengwa kwenye Gadsden's Wharf, bandari ambamo meli zilishusha watu, nalo limeinuliwa juu ya nguzo ili ile ardhi ya chini isikaliwe na kitu. Chini yake pana kidimbwi, na sakafuni mwake pamechongwa maumbo ya watu waliolazwa ubavu kwa ubavu kama walivyopakiwa melini. Maji yanafunika maumbo yale, yanapungua, yanafunika tena. Nilikaa pale muda mrefu kuliko ndani.

Ndani nilisoma jambo lililonigeuza. Kati ya mwisho wa 1803 na 1807, South Carolina iliufungua tena mlango wa biashara ya kuleta watumwa kutoka ng'ambo, kabla sheria ya nchi nzima haijauziba tarehe 1 Januari 1808. Makumi ya maelfu waliteremshwa katika miaka hiyo michache. Wengi walitoka Afrika Magharibi, Kongo na Angola. Wengine walipakiwa Msumbiji. Maisha yangu yote nimeamini kwamba bahari yetu ilipeleka watu wake Unguja, Pemba, Arabuni, visiwa vya Wafaransa. Sikuwahi kufikiri kwamba kuna waliozungushwa kusini mwa Afrika yote mpaka kwenye matope haya. Pangani nako misafara ilishuka na pembe na watu. Tunajua, lakini tunalisema kwa sauti ya chini, na nyumba zikianguka habari zake zinaanguka nazo. Charleston nyumba zimesimama, na angalau sasa habari zake zimeanza kusimama kando yake. Mwaka 2018 baraza la mji lilipitisha azimio la kuomba radhi kwa utumwa. Imechukua muda, lakini limeandikwa.

Hata hivyo. Kanisa la Emanuel, ambamo watu tisa weusi waliuawa kwa risasi tarehe 17 Juni 2015 wakiwa kwenye darsa la Biblia pamoja na muuaji waliyemkaribisha wenyewe, liko kwenye mtaa uitwao Calhoun. John C. Calhoun aliutetea utumwa bungeni akiuita jambo jema. Sanamu yake iliteremshwa Juni 2020. Jina la mtaa limebaki. Waumini wanaandika jina hilo kwenye bahasha za barua zao.

Na kuna hili ambalo halimo kwenye vijitabu vya watalii: wajukuu wa waliojenga wanahama. Kizazi kimoja nyuma weusi walikuwa wengi kwenye rasi ile. Leo ni wachache, kodi na bei za nyumba zimewasukuma kaskazini na ng'ambo ya mito. Tulitembea mitaa mizima ya madirisha yaliyopakwa rangi upya, mapipa ya maua mlangoni, na wote tuliowaona weusi walikuwa kazini, wakipakua magari, wakisukuma vikapu vya mashuka ya hoteli. Mji umejifunza kutunza tofali lenye vidole vya mtoto. Vitukuu vya mtoto yule hawawezi kulipa pango kwenye mtaa wa tofali lile. Hilo ndilo lililonikaa kooni njia nzima ya kurudi.

Asubuhi ya leo, kabla ya safari, nilirudi sokoni peke yangu. Kina mama wa Kigullah, kizazi cha Waafrika waliotumikishwa kwenye mashamba ya pwani ile, wanakaa pale wakishona vikapu vya majani ya pwani, na nimesema wanashona kwa sababu ndivyo ilivyo: hawasuki ukili kama sisi. Wanakusanya fungu la majani membamba, wanalizungusha, wanalifunga kwa uzi wa ukuti, na tundu la kupitishia uzi wanalitoboa kwa mpini wa kijiko uliochongwa. Vikapu vya kwanza vilikuwa nyungo za kupepetea mpunga. Nilipomwambia mama mmoja kwamba bibi yangu alikuwa na ungo wa namna hiyo mkononi kila alasiri, aliacha kushona.

"Alikufundisha?"

"Hapana, mama. Sikutaka."

"Wangu nao hawataki," akasema. "Majani yenyewe yameadimika. Wamejenga juu yake."

Nilinunua kidogo kuliko vyote, na bado bei yake ilinifanya nihesabu mara mbili, kisha nikaona aibu ya kuhesabu: alisema kimemchukua siku mbili. Sikuomba kupunguziwa.

Usiku huu nimempigia mama Pangani kwa video, huko kulikuwa kumekucha. Baada ya shikamoo na marahaba na habari za mjukuu, nikamwonyesha. Hakuuliza bei. Akasogeza uso kwenye simu mpaka nikawa naona jicho moja tu.

"Kigeuze, nione kitako."

Nikakigeuza. Pale katikati kabisa, fundo dogo ambapo kazi inaanzia. Akaliangalia kimya.

"Mkono huu haukuanza jana," akasema. "Shusha kidogo hiyo taa."