Tarehe mosi dirishani kwa wakala

Wakala wa pesa za simu ana sifa moja mtaani: ana hela. Mtu akishikwa na mgonjwa usiku, anagonga kwangu. Muuza mkaa akikosa chenji ya elfu kumi, anamtuma mtoto kwangu. Shemeji yangu mmoja wa Korogwe ananihesabu kwenye matajiri wa ukoo kwa sababu aliwahi kunitembelea kibandani akanikuta na bulungutu mezani. Hela naishika kweli, lakini mtaji ni wa bosi. Ikipungua ni deni langu, ikizidi ni ya mteja atakayerudi analia. Changu ni fungu la kamisheni.

Kibanda chenyewe kipo Buza, wilaya ya Temeke, katikati ya fundi pikipiki na mama ntilie. Siku ninayoisimulia ni tarehe mosi. Mawakala wenzangu wanaijua tarehe hiyo: mishahara imeshapita kwenye simu za watu, kodi za vyumba zinadaiwa, na kila mtu anataka kujua iliyobaki imekwenda wapi.

Saa 11 alfajiri nimeshaamka. Uji wa watoto, sare, nauli ya mkubwa anayesoma sekondari. Ada ya shule za serikali ilifutwa tangu 2016, nashukuru, lakini mwanangu hajawahi kumaliza mwezi bila karatasi ya mchango wa kitu fulani. Leo ni mitihani ya majaribio. Nimempa nusu, nusu nimemwambia aseme mama anakuja.

Saa 1 na nusu nafungua. Simu nne ndogo za batani, moja kwa kila mtandao, daftari, kalamu iliyofungwa kamba, na maumivu ya kichwa ya kila asubuhi: floti kiasi gani na taslimu kiasi gani. Floti ni pesa iliyomo ndani ya simu. Mteja akitoa, taslimu yangu inapungua na floti inapanda. Akiweka, ni kinyume chake. Ukikosea mgawanyo asubuhi, ikifika saa 8 mchana una mamilioni kwenye simu na huna hata elfu ishirini ya kumpa mgonjwa.

Asubuhi ni ya akina mama wa marejesho. Wanakuja kabla ya saa 3 kwa sababu kikao cha kikundi huanza saa 4. Hii ndiyo mikopo inayoitwa kausha damu, na walioipa jina hilo ni wakopaji wenyewe. Unaomba laki, unapewa pungufu maana fomu na ada vimekatwa juu kwa juu, halafu unalipa kila wiki kwa hesabu ya laki kamili na riba yake. Mwenzako asipoleta, hamtoki kikaoni mpaka mmchangie. Nawaona wakihesabu sarafu za mia mbili mbele yangu, sarafu za maandazi na za dagaa, ili ziingie kwenye simu ya kiongozi. Mmoja aliniomba nimwekee moja kwa moja kwenye namba ya kiongozi ili akwepe gharama ya kutuma. Hairuhusiwi. Wote wanajua hairuhusiwi, na wote wanaomba.

Baada yao madereva bodaboda, wanatuma hesabu za jana kwa wenye pikipiki. Hao hawana maneno mengi.

Saa 5 hivi akaja baba mmoja. Namba ya mita alikuwa ameiandika kwenye boksi la sigara. Akanipa elfu mbili, ya Luku, umeme wa kulipia kabla. Nikaingiza, meseji ikaja, nikamsomea tarakimu zake ishirini, akaziandika polepole. Kisha akauliza uniti ngapi.

“Moja na nukta nne, baba.”

“Soma vizuri.”

“Moja nukta nne.”

Akaniomba simu aione mwenyewe. Nikampa, akaishika kwa mikono miwili, akaisoma juu mpaka chini, akaanza tena juu. Mwezi uliopita, anasema, elfu mbili hiyohiyo ilimpa uniti tano na zaidi. Nikamwambia ni kweli, kwa sababu bei ya uniti ni shilingi 292, ukiongeza VAT na makato madogo mawili inafika kama 356. Elfu mbili inatoa uniti tano na nusu. Ila leo ni manunuzi ya kwanza ya mwezi kwenye hiyo mita, kwa hiyo wamekata 1,500 ya kodi ya jengo. Umeme umenunua wa mia tano.

“Kodi ya jengo gani?”

“La nyumba unayokaa.”

“Mimi nina jengo?”

Foleni ikacheka, na hapo ndipo mambo yakaharibika, maana mtu mzima akichekwa hawezi tena kuondoka. Akaanza kunieleza kwa sauti ya kusikika mpaka kwa fundi. Ana chumba kimoja, analala humo na mke na watoto watatu, wamekatisha kwa pazia. Mwenye nyumba anakaa Mbezi, huja kila baada ya miezi sita kuchukua kodi yake na hata choo kilichobomoka hakitazami. Yeye, mpangaji, alipie jengo? Na kama ni serikali imekata, mbona pesa ameichukua huyu dada hapa? Nani alimwona mtu wa serikali?

Nikamwambia pesa haiko kwangu, imeshakwenda. Akasema nirudishe muamala. Nikamwambia Luku ikishatoka hairudi. Akasema basi mimi ni mwizi. Bibi mmoja kwenye foleni akamuunga mkono, kwamba hata yeye mawakala wa huku wanamla kidogo kidogo. Kijana wa bodaboda akamwambia mzee aende Dodoma akaliulize Bunge, dada hapa anauza tu. Hilo likamuudhi zaidi. Akaapa anakwenda kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Nikamwambia nenda, ofisi iko pale nyuma ya msikiti. Hakwenda. Alisimama palepale mbele ya dirisha, na walio nyuma yake wakaanza kupitisha hela juu ya bega lake, mimi nahudumia watu kupitia kwapani kwa mtu anayeniita mwizi. Nusu saa nzima.

Mwisho akampigia mkewe ili apate shahidi, akaweka sauti ya nje. Tukasikia wote.

“Umenunua Luku leo? Nani kakutuma? Si tulikwambia umsubiri mama wa chumba cha mbele anunue kwanza?”

Akakata simu, akachukua boksi lake la sigara, akaondoka bila kutazama nyuma. Sikumcheka. Nyumba ngapi Buza usiku wa tarehe mosi zinakaa na mita inalia, wapangaji wanaviziana nani atachoka kwanza?

Kodi hiyo kisheria ni ya mwenye nyumba. Ilihamishiwa kwenye Luku Agosti 2021, elfu moja kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, ikapanda mpaka 1,500 mwaka 2023. Kuikusanya kwa njia hiyo ni rahisi kwa serikali, sikatai. Lakini mita haijui nani mwenye nyumba na nani mpangaji, inamjua aliyenunua.

Kazi hii nimeifanya tangu kabla ya tozo ya miamala, makato ya serikali kwa kutuma na kutoa hela kwa simu, ile iliyoanza tarehe 15 Julai 2021, ya kuanzia shilingi 10 mpaka 10,000 kwa muamala mmoja. Wiki ile nilitukanwa kuliko miaka yangu yote ya ndoa. Watu waliacha kutoa kwa simu, wakarudi kuwatumia wazazi pesa kwenye bahasha kwa makondakta wa mabasi. Kamisheni yangu iliporomoka. Kelele zikapigwa kila kona, Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30, ikaendelea kupunguzwa, mpaka bajeti ya 2023 ikaifuta ile ya kutuma pesa. Tulishangilia hapa kibandani, mama ntilie akanipa chai ya bure.

Bajeti ileile iliyoifuta ndiyo iliyoongeza shilingi 100 kwa kila lita ya petroli na dizeli. Ndiyo iliyoweka elfu moja kwenye mfuko wa saruji wa kilo 50. Ndiyo iliyopandisha hii ya jengo. Kwa mafuta na saruji hakuna aliyekuja dirishani kunitukana, kwa kuwa hazikuja kwa meseji. Tozo ilikuwa na kosa moja kubwa kwa aliyeitunga, ilijitaja jina kila mtu alipotuma au kutoa hela. Mia ya kwenye lita haijitaji. Inaingia kwenye gunia la viazi kutoka Njombe na kwenye pikipiki ya yule kijana. Desemba 2023 nauli ya daladala ya hapa mjini ikatoka 500 ikawa 600, na watu wakagombana na konda. Sisemi ni ile mia peke yake, mwaka ule dola nayo ilikuwa adimu na mafuta yalikuwa ghali kwingi. Nasema tu konda alitukanwa kwa mambo aliyoamuliwa, kama mimi.

Maoni yangu ya siasa ni hayo, wala sina chama cha kuyapeleka. Barabara zinajengwa kwa kodi, naelewa, na wanangu wanasoma kwa kodi. Ninachotaka nikatwe kwa jina langu na nionyeshwe. Mwenye nyumba akatwe kwa jina lake.

Mchana sikula mpaka saa 8. Sahani ya wali maharage bei ni ileile ya mwaka jana, ila mama ntilie amebadilisha upawa. Nimeona, na yeye anajua nimeona.

Wazee wa kahawa wa ng'ambo ya barabara wanabishana kila mchana, wakimaliza Simba na Yanga wanaingia serikalini. Leo mmoja alikuwa anasifia Bwawa la Nyerere, megawati 2,115, nchi sasa ina umeme wa kumwaga. Na kweli, mgao ule uliokuwa unaniua simu zote nne haupo tena. Mwenzake akamuuliza kwa nini basi uniti haishuki bei. Wakaniita niamue, kwa vile nauza Luku. Nikawaambia kwenye meseji zangu sijaiona ikishuka. Kila mmoja akadai nimemuunga mkono yeye.

Saa 9 taslimu ikaisha. Nikafunga dirisha nikaenda kwa wakala mkuu kubadilisha floti, yeye naye ana foleni, jua linachoma, mtoto wa mtu analia mgongoni kwa mama yake. Nikarudi mtandao mmoja hausomi. Kijana akaja ametuma laki na nusu kwenye namba isiyo yake, anataka niirudishe mimi, namwambia apige huduma kwa wateja haraka kabla mwenzake hajatoa, anasema hana salio, nikampa simu yangu. Mwingine ameletewa meseji ya matapeli, “ile hela itume kwenye namba hii”, na ameituma. Mwingine anataka kujua kwa nini mawakala tuna dharau.

Kuanzia jioni sikutazama saa tena. Daladala za kutoka Kariakoo zinamwaga watu, wote wanapitia hapa kabla ya genge. Hiki ndicho kipindi ninachoiona hali ya nyumba za watu. Swali ni moja: “Dada, nikitoa elfu tatu nabakiwa na ngapi?” Wanahesabu vidole. Unga nusu, mafuta ya kupima ya mia tano, dagaa, nauli ya kesho. Mama mmoja alikuwa na 3,200 kwenye simu, ukitoa gharama ya kutolea tatu haitoki. Akaongea na simu pembeni, akarudi akasema mtu anamtumia. Ikaingia mia tano, bila ya kutolea. Akatoa elfu tatu yake, akaniaga vizuri kabisa. Sijui kwa nini huyo ndiye aliyenichosha kuliko yule wa mita.

Nikafunga, nikahesabu mara mbili. Pungufu ya elfu nne. Nikaandika kwenye daftari, upande wangu.

Kwetu tupo wapangaji wanne, mita moja. Nilipofika wote walikuwa barazani, gizani.

“Afadhali umekuja,” wakasema. “Tulikuwa tunakusubiri wewe, si unauza Luku?”

Nikawaambia kuuza si kupewa. Tukakubaliana tuichange hiyo 1,500, na hapo ubishi ukaanza: wa chumba cha uani hana friji, ana taa moja na simu ya kuchaji, kwa nini atoe sawa na mwenye friji? Mwenye friji akasema kodi ni ya jengo, si ya friji. Nikasema basi kama ni ya jengo tumkate mwenye nyumba kwenye kodi ya chumba, sheria inasema ni yake. Wote wakaafiki, wazo zuri sana.

Nikauliza nani atamwambia.

“Wewe, dada,” akasema wa uani. “Wewe si umezoea kutukanwa?”