Mdhamini wa Tajiri

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Neno letu la juma hili ni Waebrania 7:22, pale Yesu anapoitwa mdhamini wa agano lililo bora zaidi. Nimelala na kuamka na neno hilo, mdhamini, nalo limenipeleka kwa mtu ambaye sikumtarajia: John Pierpont Morgan, mwenye benki wa New York.

Alizaliwa Hartford mwaka 1837, na baba yake naye alikuja kuwa mwenye benki. Zama za reli na chuma kule Marekani, mikopo mikubwa ilipita mikononi mwake. Mwaka 1895 hazina ya serikali ilipokaribia kuishiwa dhahabu, yeye na wenzake ndio walioitafuta. Mwaka 1901 alinunua viwanda vya chuma vya Andrew Carnegie kwa takriban dola milioni 480, akaviunganisha na vingine kuunda U.S. Steel, kampuni yenye mtaji uliopita dola bilioni moja. Na alikuwa mtu wa ibada, mzee wa kanisa katika Mtakatifu George, New York. Oktoba 1907, hofu ya mabenki ilipoanza, alikuwa Richmond, Virginia, kwenye mkutano mkuu wa kanisa lake.

Alirudi, na ndani ya siku chache watu walijipanga barabarani kutoa akiba zao. Tarehe 22 Oktoba taasisi ya fedha ya Knickerbocker Trust ilifunga malipo. Nchi haikuwa na benki kuu, ikabaki kumtazama mzee wa miaka 70. Aliwaomba wachungaji wawatulize watu madhabahuni. Usiku mmoja wa Novemba aliwakusanya wakuu wa taasisi za fedha kwenye maktaba yake, akafunga mlango kwa ufunguo, na hawakutoka hadi walipotia saini mchango wa kuwaokoa wenzao, alfajiri ikikaribia. Ukutani mwa maktaba hiyohiyo kulitundikwa zulia la kale la Flanders lenye picha ya ushindi wa uchoyo. Sijui aliliangalia kwa moyo gani.

Desemba 1912 aliitwa mbele ya kamati ya Bunge mjini Washington. Wakili Samuel Untermyer alimuuliza kama mkopo hautegemei kwanza fedha au mali. Akajibu hapana, cha kwanza ni tabia ya mtu. Asiyemwamini, alisema, hapati fedha kwake hata akija na hati zote za ulimwengu wa Kikristo.

Jibu hilo linanigusa, lakini pia linaniumiza. Katika ile hofu ya 1907, U.S. Steel ilichukua kampuni ya makaa na chuma ya Tennessee Coal and Iron. Migodi yake ya Alabama ilichimbwa pia na wafungwa waliokodishwa, wengi wao Weusi, na wengine walifungwa kwa makosa madogo mno. Tabia zao nani aliziuliza? Morgan alimpima mkopaji aliyeketi mbele yake, na wale wa chini ya ardhi hawakupata kuketi hapo. Yakobo 5:4 inasema kilio cha wafanyakazi walionyimwa ujira kimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Siwezi kuusoma mstari huo nikauruka mgodi ule.

Alifariki Roma tarehe 31 Machi 1913. Wosia wake ulipofunguliwa, haukuanza na mali. Ulianza kwa kuikabidhi roho yake mikononi mwa Mwokozi, akiamini kwamba ameikomboa na kuiosha kwa damu yake ya thamani, na kwamba ataileta bila waa mbele ya kiti cha enzi cha Baba. Aliwasihi watoto wake waitetee imani hiyo kwa gharama yoyote.

Wapendwa, huyu ndiye aliyesema cha kwanza ni tabia. Lakini ilipofika zamu yake ya kuomba, hakuweka tabia yake mezani, wala jina lililoidhamini hazina ya Marekani. Alikuja kama mkopaji yeyote asiye na kitu, akamtaja mdhamini wake.

Damu aliyoitaja ilimwagika pia kwa ajili ya mfungwa wa Alabama. Juma hili nasoma Luka 19, habari za Zakayo, ambaye siku ileile wokovu ulipoingia nyumbani mwake alisimama akasema atawarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Nimechukua karatasi na kuanza kuandika majina ya watu ninaodaiwa nao.