Lori la London halina utingo

Aliyewahi kupanda lori la mchanga Dar anamjua utingo: kijana wa mlango wa kushoto, kichwa nje, anapiga bodi huku akipaza sauti, "Njoo, njoo, kata, simama!" Mimi huku London naendesha tipa peke yangu, kiti cha kushoto kimekaliwa na koti. Huku nako magari yanapita kushoto kama nyumbani, dereva yuko kulia, kwa hiyo ubavu ulio mbali nami ndio wanaopita watu wa baiskeli.

Kwenye kona ya kushoto iliyobana, lori hutanua kulia kwanza ndipo likate. Mwenye baiskeli akija nyuma anaona uwazi, anapenya. Kumbe tairi za nyuma hazifuati za mbele, zinakata kwa ndani, palepale alipo. Kwenye kebini ndefu za zamani kichwa chake kiko chini ya dirisha, na ukimaliza kukagua saiti mira zote, yeye keshahama.

Jiji limekaza masharti. Tangu Machi 2021 lori linalozidi tani 12 linahitaji kibali kuingia London, na kebini hupewa nyota, sifuri hadi 5, kwa kadiri dereva anavyoona kwa macho yake. Tangu Oktoba 2024 zinatakiwa angalau 3. Zikipungua, unafunga kamera, vihisi na king'ora cha kutangaza kona. Kamera zinasaidia, sikatai. Ila mlango wenye kioo hadi chini ni habari nyingine: mnatazamana, kila mmoja anajua kaonekana.

Kanuni za barabara zilizorekebishwa Januari 2022 zinamtaka anayekata kona ampishe wa baiskeli anayenyoosha. Sawa kabisa. Lakini Wabongo mnaosambaza chakula kwa baiskeli, lori likisimama kwenye taa msijipenyeze kushoto, hata kama pamechorwa njia yenu. Kaeni nyuma, mahali mnapoona uso wa dereva kwenye saiti mira. Na mkiwa mbele, msigande chini ya pua ya lori. Hapo nako hatuoni.

Polisi wa hapa wamekuwa wakiwapandisha waendesha baiskeli kwenye kebini ya lori lililoegeshwa ili wajionee. Nasi madereva tuna kozi inayotupandisha baiskeli barabarani. Wazee wa kazi huinung'unikia sana, hasa wenye vitambi.