Mikono inayompenda mwanangu

Tuliporudi Chake Chake, Pemba, kutoka India, mwanangu alikuwa na miaka tisa na figo ya baba yake, aliyopandikizwa, tumboni. Nyumba ilijaa watu. Mashangazi, majirani, wenzake wa chuo cha Kurani, kila mmoja anataka kumshika na kumbusu. Nami nimesimama mlangoni na ndoo ya maji na sabuni. Hata mama mkwe nilimwambia, "Mama, niwie radhi, nawa kwanza ndipo umshike." Alinawa, lakini uso ulibadilika, na usiku ule nililia.

Mwili hauitambui figo ya mtu mwengine, huipiga vita. Ndiyo maana kila siku, asubuhi na jioni kwa saa ile ile, mtoto anameza takrolimasi na dawa nyengine za kushusha kinga. Figo inasalimika, lakini vijidudu navyo vinapata njia. Daktari alinionya kuwa miezi sita ya mwanzo ndiyo mikali zaidi, kwa kuwa dozi bado ni kubwa. Katika miezi hiyo alimeza pia kotrimoksazoli, kumkinga na kuvu wanaoshambulia mapafu.

Jambo moja lilinigusa sana kama Mpemba. Kabla ya upasuaji walimpima minyoo inayopenya nyayo za mtu anayetembea pekupeku. Inaweza kukaa mwilini miaka bila dalili, na kinga ikishushwa ikazaliana na kusambaa mwili mzima. Mwanangu amekulia kwenye udongo huu, pekupeku kama sisi sote. Tangu hapo viatu ni lazima, na mtoni haendi, kwa sababu ya kichocho.

Maji ya kisima nachemsha hata ya kusukutulia. Urojo wa barabarani hali, juisi yenye barafu hanywi, mayai nayaivisha mpaka kiini kigumu. Balungi nalo limetoka kabisa nyumbani. Bibi yake alimletea kapu zima kutoka shamba, na ilinibidi nimweleze taratibu kwamba tunda lile hupandisha takrolimasi kwenye damu, na ikizidi kinga hushuka mno na figo huumia. Aliligawa kapu kwa majirani. Siku ya pili akaja na ndizi za kuchemsha.

Homa alipata mara moja, miezi minne baadaye. Kipimajoto kilisoma 38.3 usiku wa manane. Nilishaambiwa nisimpe parasetamoli nikasubiri asubuhi, kwa hiyo tukatafuta gari usiku ule ule. Yalikuwa maambukizi ya njia ya mkojo. Kumbe skuli alikuwa akijizuia mkojo kutwa kwa uchafu wa vyoo, na maji hanywi ili asiende. Sikuwahi kumuuliza. Hospitali walitaka kumpa ibuprofeni. Nikatoa karatasi ya daktari wake inayoikataza, kwa kuwa inaumiza figo. Karatasi ile haitoki mkobani mwangu.

Chanjo ndiyo majuto yangu. Chanjo zenye kirusi hai kilichodhoofishwa, kama surua na tetekuwanga, hazitolewi baada ya kupandikizwa. Zinatakiwa zitangulie wiki nne au zaidi. Surua alichanjwa mdogo. Ya tetekuwanga tuliikosa, tarehe ya upasuaji ikatukuta. Mzazi ambaye mwanawe bado anasubiri figo, aliulize hili leo.

Mwaka jana mwalimu wa chuoni alinipigia. "Mama, kuna mtoto katoka vipele, na jana alikaa jamvi moja na mwanao." Nilikuwa nimekwenda kwa mwalimu huyu mapema, nikamweleza kila kitu, na Mungu amlipe kwa simu ile. Daktari alianzisha asikiloviri, dawa ya kirusi cha tetekuwanga, siku ya saba tangu wakutane, kwa wiki moja, akanitaka nihesabu siku 21 kuona kama vipele vitamtoka. Nilihesabu kwa mkaa ukutani jikoni. Watoto walikuja dirishani kumsomea aya za siku, wakiwa nje, naye akiitikia kutoka kitandani.

Siku ya 21 nilimkagua mgongo, kifua, na katikati ya nywele. Hakuna hata kipele. Nikampa viatu, kofia, na chupa yake ya maji, akaenda chuoni.