Sharti Mwenye Karatasi Aje Mwenyewe

Mpwa wangu, ambaye yuko mwaka wa tatu wa shahada ya sheria, alinipigia simu jioni moja, na baada ya shikamoo na habari za nyumbani akaniuliza: "Mjomba, ule muhuri wa kamishna wa viapo unasomewa wapi?" Alidhani ni kozi ya peke yake, yenye cheti chake na mtihani wake. Nilimjibu kwa maneno machache kwa sababu nilikuwa stendi ya Masasi nasubiri gari la kurudi Mtwara mjini, lakini swali lake halikunitoka. Hapa kwetu watu wengi huuchukulia muhuri huo kama stempu ya posta, kitu cha kununua na kubandika ili karatasi ipate nguvu. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia siku ile, mimi wakili ninayeugonga muhuri huo kwenye hati za viapo.

Nianze na bibi yangu, mama yake mama, aliyekuwa na shamba la mikorosho juu ya uwanda wa Makonde, upande wa Newala. Nikiwa bado sekondari, ilijitokeza karatasi iliyosema kwamba bibi ameweka rehani shamba lote kwa misimu sita. Chini palikuwa na alama ya dole gumba, na chini ya dole palikuwa na muhuri wa mwanasheria pamoja na maneno kwamba dole hilo limetiwa mbele yake, mjini. Bibi alikuwa hajateremka mjini mwaka ule wote, kwa kuwa miguu ilikuwa ikimsumbua. Alichokubali yeye ni msimu mmoja, akapokea fedha kidogo za kumpeleka mjukuu hospitali, akatia dole akiwa amekaa kwenye mkeka barazani kwake, na karatasi ikaondoka. Mjomba wangu mkubwa alipokwenda kulalamika, kila aliyemwendea aliigeuza ile karatasi, akaona muhuri, akamrudishia. Ilituchukua misimu miwili kulirudisha shamba, na lilirudi kwa nguvu ya wazee wa ukoo, wala si kwa nguvu ya sheria.

Sitaji mtu wala ofisi, maana lililonibaki moyoni ni yale maneno mawili tu: "mbele yangu." Kazi yote ya kamishna wa viapo imo ndani yake.

Kwa Tanzania Bara, sheria inayohusika ni Sura ya 12 ya sheria za nchi, ambayo asili yake ni ya enzi ya Waingereza, na inaunganisha kofia mbili juu ya kichwa kimoja. Kofia ya kwanza ni ya kamishna wa viapo, yaani mtu mwenye mamlaka ya kumwapisha mwingine juu ya maelezo yaliyoandikwa, kama vile hati ya kiapo inayopelekwa mahakamani, tamko la kupotelewa na vyeti, au tamko kwamba majina mawili yaliyo kwenye nyaraka tofauti ni ya mtu mmoja. Hili la majina tunalipata sana huku, kwa sababu mtu aliyeandikwa shuleni kwa jina la mjomba aliyemlea hujikuta ukubwani ana kadi ya mpiga kura yenye jina la baba. Kofia ya pili ni ya mthibitishaji wa umma, ambaye hushuhudia sahihi kwenye mikataba na hati za uwakilishi, huthibitisha kwamba nakala inafanana na cheti halisi alichokiona kwa macho yake, na hushughulikia nyaraka zitakazotumika nje ya nchi. Wananchi hawatenganishi kofia hizi. Wao husema tu "nenda kwa wakili akugongee muhuri," na katika maisha ya kila siku hawakosei, kwa kuwa huku kwetu anayevaa moja kwa kawaida anazo zote mbili.

Muhuri huo hauthibitishi kwamba yaliyoandikwa ni kweli. Mimi sijui kama umepotelewa na cheti cha kidato cha nne, wala sijui kama mikorosho unayoikodisha ni yako au ya dada yako. Ninachokithibitisha ni kwamba siku fulani, mahali fulani, mtu fulani alifika mbele yangu, ninamfahamu au ametambulishwa kwangu na mtu ninayemfahamu, ameapa au ametia sahihi kwa hiari yake. Ukweli wa maneno ni mzigo wa mwapaji, na akidanganya katika kiapo ametenda kosa la jinai. Ukweli wa kufika kwake ni mzigo wangu. Nikigonga muhuri kwenye karatasi ya mtu ambaye sikumwona, uongo ulioandikwa pale ni wa kwangu mwenyewe, hata kama kila neno la juu yake ni sahihi.

Ndiyo maana sheria hiyo inamtaka kamishna aandike jina lake, mahali na tarehe kiapo kilipochukuliwa. Sharti la jina liliongezwa kwa marekebisho ya mwaka 2016. Kabla ya hapo ilizoeleka kukuta sahihi iliyokorogwa na muhuri uliofifia, na hakuna awezaye kusema aliyeapisha ni nani. Mahakama ya Rufani haina huruma katika jambo hili. Kiapo ambacho sehemu yake ya mwisho haionyeshi mahali au tarehe huhesabiwa kuwa kibovu, na maombi yanayokitegemea huweza kuanguka nacho. Nimeona mtu akitoka Liwale, akalala njiani, akafika Mtwara kwenye Mahakama Kuu, na shauri lake likaondolewa kwa sababu ya mstari mmoja ulioachwa wazi na mtu aliyelipwa kuujaza.

Sheria inakataza pia kamishna kuapisha katika jambo ambalo yeye ni wakili wa upande mmojawapo au ana masilahi nalo. Kwa hiyo mteja wangu mwenyewe anapohitaji kiapo kwa ajili ya kesi ninayoisimamia, nampeleka kwa wakili jirani, naye huniletea wa kwake. Wapo wanaoliona hilo kuwa usumbufu. Mimi naliona kuwa ndilo linaloupa muhuri uzito wake, maana anayeapisha hapaswi kuwa na hamu yoyote na matokeo ya kiapo.

Sasa njia ya kufika hapo. Hakuna shule ya muhuri. Nje ya watumishi wachache wa umma ambao sheria inawapa mamlaka hayo kutokana na vyeo vyao, mlango ni uwakili. Kwanza shahada ya sheria. Kisha mafunzo ya uanasheria kwa vitendo katika taasisi iitwayo Law School of Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na iliyopo Dar es Salaam. Na hapo, mpwa wangu, usiende ukiwa umelala. Mwaka 2022 matokeo ya kundi moja yaliitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, waliotakiwa kurudia baadhi ya mitihani 342, na walioondolewa 265. Serikali iliunda kamati kuchunguza, na mjadala wa nani mwenye kosa, kati ya vyuo vinavyotoa shahada na taasisi inayopokea wahitimu wao, ulikuwa mkali. Kwa kijana wa Tandahimba au Ruangwa kuna jambo jingine ambalo halikuzungumzwa sana, nalo ni gharama ya kuishi Dar es Salaam muda wote huo, mbali na nyumbani, huku mzazi akitegemea msimu wa minada ya korosho ambao huja mara moja kwa mwaka. Akiba hiyo ianze kuwekwa mapema, na wajomba tuwe tayari.

Ukifaulu, unawasilisha maombi kwa Jaji Mkuu, na ukikubaliwa unaapishwa na kuandikwa kwenye daftari la mawakili, na unakuwa mwanachama wa Chama cha Wanasheria Tanganyika, ambacho kipo tangu mwaka 1954. Baada ya hapo unalipia leseni ya uwakili, ambayo huhuishwa kila mwaka, na unapata kwa Msajili wa Mahakama Kuu cheti cha uthibitishaji wa umma na ukamishna wa viapo. Muhuri wenyewe unachongwa dukani kwa dakika chache, na hapo ndipo vishoka, yaani mawakili bandia, wanapopata mwanya, kwa sababu fundi wa mihuri hamuulizi mtu leseni. Yeyote mwenye shaka anaweza kuingia kwenye mfumo wa Mahakama uitwao e-Wakili, akaandika jina lililo kwenye muhuri, na kuona kama mtu huyo ni wakili na kama leseni yake iko hai. Fanyeni hivyo kabla ya kulipa, hata kwangu.

Njia hii ndefu si ya dunia nzima. Marekani, katika majimbo mengi, raia wa kawaida asiye mwanasheria huomba kuwa mthibitishaji, akatimiza masharti ya jimbo lake na kupewa kibali cha miaka kadhaa. Na kwa kuwa hakusomea sheria, haruhusiwi kumshauri mtu juu ya karatasi anayoishuhudia. Lakini hatuna haja ya kwenda mbali hivyo. Vuka Ruvuma kwa Daraja la Umoja pale Mtambaswala, na ndugu zetu Wamakonde wa Msumbiji, waliorithi sheria za Kireno, watakuelekeza kwenye ofisi ya serikali, ambako mthibitishaji ni mtumishi wa umma mwenye vitabu vyake vya kumbukumbu. Mtu wa huko anapokuja kwangu na hati ya uwakilishi ya kushughulikia mali ya marehemu aliyeacha familia pande zote mbili za mto, hushangaa kuona ofisi binafsi na muhuri wa mtu mmoja. Naye ananikumbusha kitu ninachotamani tukiige, yaani daftari. Mimi naandika kila tendo ninaloshuhudia, tarehe, jina, kitambulisho kilichoonyeshwa na aina ya hati, ingawa kufanya hivyo hunichukua muda ambao wateja hawaufurahii.

Kwa wanakijiji, kuna kosa moja linaloumiza kuliko mengine. Mkataba wa kuuza ardhi ya kijiji haupati uhalali kwa muhuri wa wakili peke yake. Halmashauri ya kijiji lazima iidhinishe, na muhuri wangu hauwezi kuziba pengo hilo. Anzeni kwa mtendaji na kikao, kisha mje mjini.

Lugha nayo ilikuwa ukuta. Hati ya kiapo iliandikwa kwa Kiingereza, mwapaji akatia dole chini ya maneno asiyoyaelewa. Tangu mwaka 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama, na viapo ninavyovipokea sasa vingi vimeandikwa hivyo. Hata hivyo kwa mzee asiyejua kusoma, utaratibu ni kumsomea na kumfafanulia kwa lugha anayoielewa, kisha kuandika kwenye hati kwamba hilo limefanyika. Kwa baadhi ya wazee wetu lugha hiyo ni Kimakonde au Kiyao, na wakili asiyeijua anapaswa kutafuta mkalimani.

Msimu uliopita alikuja kijana na mkataba wa kukodisha mikorosho ya mama yake, dole likiwa limekwisha kutiwa. Nabadilisha baadhi ya mambo ili wasitambulike. Nilimwambia sigongi, amlete mama. Alikasirika, akasema ofisi nyingine hawana masharti hayo, akatoka. Siku ya tatu alirudi na bajaji, mama akiwa ndani, amejifunga kanga na kushika fimbo. "Shikamoo mama," nikamkaribisha, nikamwomba kijana asubiri nje, nikamsomea karatasi mstari kwa mstari. Tulipofika kwenye idadi akaninyamazisha kwa mkono. Karatasi ilisema shamba lote. "Mwanangu, mimi nimetoa mikorosho arobaini, ile ya upande wa bondeni. Ya huku nyumbani ni ya binti yangu."

Tuliichana ile karatasi, kijana akaitwa ndani, na tukaanza kuandika nyingine.