Vita vya kuinunua Bamburi: vipi tuliziongoza hisa za marehemu baba mpaka tukalipwa

Nimeulizwa hii habari na watu wengi sana tangu isikike kwamba sie watoto wa marehemu tulikuwa na hisa za Bamburi Cement, kampuni ya saruji ya Kenya, wakati ule makampuni mawili yanaigombania, nikaona bora niandike mara moja kwa urefu, maana huku Unguja na Pemba kuna familia chungu nzima zina hisa za wazee zimelala tu Mombasa, Nairobi au Dar, na siku ikitangazwa ofa ya kuzinunua kila mtu anabaki kusikiliza maneno ya barazani.

Baba etu alifanya kazi Mombasa miaka mingi kabla hajarudi nyumbani, na kule ndiko alikonunua hisa za Bamburi kidogo kidogo. Alipofariki mirathi ikagawiwa, mama akapata thumuni yake, sie wanawake fungu moja moja na kaka zetu mafungu mawili mawili, na hisa zikahamishwa kila mtu akaunti yake ya CDS, yaani akaunti ya kuwekea hisa, kule Kenya. Hili la kila mtu na akaunti yake nalisema kwa mkazo kabisa kwa sababu ndilo lililotuokoa na ugomvi baadae. Wakati ule ndugu walinilalamikia, ati makaratasi mengi, safari za Mombasa, mihuri, kwa nini zisikae tu kwa jina la mkubwa mmoja. Nikakataa. Mali ya watu sita kwa jina la mtu mmoja ni fitna, hata kama huyo mmoja ni walii.

Sasa Julai 2024 ndo ikatangazwa Amsons wanataka kuinunua Bamburi yote. Amsons ni Watanzania wenzetu, kampuni ya familia ya kina Nahdi, hawa wenye Camel Cement na vituo vya mafuta vya Camel, Edha Nahdi ndo mkurugenzi wao. Ofa yao ilikuwa shilingi 65 za Kenya kwa hisa, na kabla ya tangazo hisa ilikuwa inauzwa kama 45 kwenye soko la hisa la Nairobi. Bamburi ina hisa milioni 362 na ushei, kwa hivyo ukizidisha unapata kama bilioni 23.59 za Kenya. Kwa fedha zetu shilingi moja ya Kenya ilikuwa kama 20 hivi, basi nyie pigeni hesabu wenyewe mzee mwenye hisa elfu moja ameamka na nini asubuhi ile.

Furaha ile haijakaa vizuri, mwisho wa Agosti ikaingia kampuni ya Kenya inaitwa Savannah Clinker, wao wakasema wanatoa 70. Halafu wakapandisha tena mpaka 76.55. Hapo ndo grupu letu la familia la WhatsApp likawaka moto. Kaka yetu yuko Muscat akaanza kutuma voisi noti za dakika tano tano, ati kuna mtu wa Nairobi kamwambia Amsons watajibu kwa 80, watafika 90, asiuze mtu. Mdogo wetu wa Wete yeye anataka kuuza leo leo, ana nyumba haijapigwa bati. Dada mkubwa anasema tufuate atakalosema kaka. Nikitoka kazini nikipita Jaws Corner, baraza la kahawa la Mji Mkongwe, nakuta wazee na vijana wanaokunywa kahawa nao wanaijadili, nusu yao hawana hata hisa moja lakini wana uhakika kushinda mimi, huyu anasema serikali ya Kenya haitoikubali kampuni ya Tanzania, yule anasema Savannah hawana hela, mwengine anasema wana hela tena nyingi za kigeni. Kila mtu na skrinishoti yake.

Mie nafanya hesabu kwenye duka la vifaa vya ujenzi, saruji inapita mbele yangu kutwa, lakini kujua bei ya mfuko hakukwambii kitu kuhusu bei ya kampuni. Nilichokifanya nimeyaacha yale maneno yote nikaomba kwa broka wetu, wakala wa kutuuzia hisa, zile nyaraka za ofa zenyewe, za pande zote mbili, nikazisoma usiku watoto wakishalala. Ni ndefu na zinachosha lakini nawaambia kweli, majibu yote yamo mule.

Cha kwanza nilichokitafuta, nani mwenye hisa nyingi na keshaamua nini. Bamburi asilimia 58.6 ilikuwa mikononi mwa Holcim, kampuni ya saruji ya Uswisi, kupitia kampuni zake mbili, Fincem na Kencem. Na Holcim ilikuwa tayari imeshakubaliana na Amsons kwamba itawauzia. Ukishalijua hilo unaona vita vyenyewe havikuwa sawa kwa sawa kama vilivyokuwa vinasimuliwa. Savannah hata wangepewa na kila mwananchi na kila mfuko wa pensheni uliobaki, bila ya Holcim wasingefika hata nusu. Na tena hawa Holcim na Amsons hawakuwa wageni kwa wenzao, Holcim hiyo hiyo ndo iliyowauzia Amsons sehemu yake ya Mbeya Cement, wenye saruji ya Tembo. Watu walioshafanya biashara ikaisha salama hawaachani kirahisi.

Kaka wa Muscat akanijibu mfanyabiashara ni mfanyabiashara, Mzungu akiona 76 hawezi kuchukua 65. Hoja yake ina mashiko, sikuidharau. Nikamwambia sawa, inawezekana, lakini tuitazame kwa hesabu. Ukingoja Savannah na wakafanikiwa unapata 11.55 zaidi kwa kila hisa. Ukingoja wakashindwa, na dirisha la Amsons, yaani muda wao wa kupokea fomu za wanaouza, nalo limeshafungwa, unabaki na hisa chache kwenye kampuni ambayo mtu mmoja anaimiliki karibu yote, pengine na sokoni inatolewa, na hakuna aliyekuahidi kwamba bei haitorudi kule kwenye 45 ilikotoka. Unatia 20 hatarini ili upate 11 na nusu. Hiyo hesabu nilimwandikia mama nyuma ya risiti kwa kalamu, akaitazama akasema "mwanangu, sasa nimefahamu, hayo mengine yalikuwa yananizungusha kichwa."

Na tarehe. Hii watu hawaizungumzi kabisa. Dirisha la Amsons lilikuwa linafungwa tarehe 5 Disemba, maana yake mtu alikuwa na haki ya kungoja na kutazama mpaka karibu na hapo bila ya kupoteza ile 65. Kwa hivyo suala halikuwa Amsons au Savannah tu, suala lilikuwa mpaka lini. Nikawaambia kwenye grupu, asisaini mtu fomu ya upande wowote saivi, fomu ukishaisaini hisa umezifunga, tungojeni tukiwa huru.

Nilikuwa na mfano wa karibu pia. Mwaka 2021 Scancem, kampuni ya Heidelberg wenye Twiga, walitaka kununua asilimia 68.33 ya Tanga Cement, wenye Simba. Tume ya Ushindani ikaruhusu, waliopinga wakakata rufaa, na Septemba 2022 Baraza la Ushindani likaizuia kwa sababu Twiga na Simba wakiunganishwa watakuwa na sehemu kubwa mno ya soko. Mambo yakaendelea kuvutana muda mrefu na mwisho Tanga Cement ikaangukia kwa hao hao Amsons. Wenye hisa ndogo ndogo wakati wote ule walikuwa wanasoma tetesi tu, leo imepita kesho imekataliwa. Mie niliifuatilia ile kwa sababu ya kazi yangu, nikajua kwamba bei iliyotajwa kwenye tangazo ni jambo moja, na fedha kuingia benki ni jambo jengine kabisa, na katikati yao kuna tume, kuna mahakama na kuna miaka.

Kulikuwa na suala jengine ambalo mama ndiye aliyelileta, kwamba huku kungojea bei ipande kwa maneno ya watu si kamari? Nikalipeleka kwa sheikh wetu anaedarsisha jirani, nikamweleza hatukununua kwa ajili ya kubahatisha, tumerithi, na biashara yenyewe ni saruji. Akasema kuuza mali yako kwa bei unayoridhika nayo hakuna tatizo, na kungoja mnunuzi mwenye kutoa zaidi hakuna tatizo, lakini akaninasihi nisiwe mwenye kueneza habari nisizokuwa na uhakika nazo ili wengine wanunue au wauze. Kutoka siku ile nikaweka sharti kwenye grupu, anayeleta habari alete na karatasi yake, ya kampuni au ya mamlaka ya masoko ya mitaji ya Kenya, kama hana asilete. Wallahi grupu likatulia. Kaka alinuna kidogo halafu akazoea, mpaka yeye mwenyewe akawa anatutumia matangazo rasmi.

Tulivyofanya ni hivi. Baada ya Savannah kuingia, bei ya sokoni Nairobi ikapita ile 65, maana kulikuwa na watu wananunua kwa matumaini ya 76.55. Nikaona hapo ndo pazuri kwa wenye haraka. Mdogo wetu wa Wete akauza zake zote sokoni, juu ya 65, na kamisheni ya broka ikatoka na bado akawa mbele, wala hakungoja Disemba. Nyumba yake ina bati. Mama na sie dada wawili tukauza sehemu, kwa sababu soko la Nairobi si kila siku lina wanunuzi wa kutosha, oda inajaa vipande vipande, leo hisa mia kesho hamsini, na sikutaka kuwabana watu kushusha bei ili ziishe. Zilizobaki tukaziweka kwa ajili ya fomu ya Amsons. Dada mkubwa akagawa nusu kwa nusu. Kaka wa Muscat akasema zake anangoja Savannah, nikamwambia ni zako, ni haki yako, ila niahidi kitu kimoja, wiki ya mwisho ukiwa huna uhakika utanipigia. Akaahidi.

Fomu ya mama nataka niieleze maana wengi wenye wazee watakutana na hili. Mama anasaini kwa herufi za Kiarabu, ndivyo alivyofundishwa chuoni utotoni, na saini yake ya kwenye akaunti ya CDS ndiyo hiyo. Broka akatuma ujumbe kwamba saini lazima ifanane na iliyoko kwenye kumbukumbu. Sasa mikono yake imeanza kutetemeka. Nikakaa nae kwenye mkeka, nikamwekea kitabu kigumu chini ya karatasi, nikamtolea kopi ya saini yake ya zamani aitazame, akaivua miwani akaifuta kwa ncha ya kanga akaivaa tena, akajaribu kwenye karatasi tupu mara nyingi, kuanzia kulia kwenda kushoto, ile nukta ya chini ya herufi ya pili ndo ilikuwa inampotea. Alipoona mkono umekubali akasema "lete hiyo ya kweli", akasaini mara moja. Ikakubaliwa. Kama mzee wako yuko hivi usingoje wiki ya mwisho, na kama saini imebadilika kabisa badilisheni mapema kwenye kumbukumbu, ofa isiwakute.

Basi kabla ya dirisha kufungwa Savannah wakajiondoa. Mabaraza yakanyamaza. Kaka akanipigia usiku ule ule kutoka Muscat, sauti yake imebadilika, nikamwambia usiwe na wasiwasi, dirisha bado liko wazi na hisa zako ziko huru, hujasaini popote. Fomu nilishamwekea tayari, akaiprinti kule, akasaini, akaiskani, na asubuhi broka alikuwa nayo. Akapata 65 yake kama sisi.

Amsons walimaliza na asilimia 96.54 ya Bamburi. Mule kwenye grupu hakuna aliyemlaumu mwenzie, kila mtu aliamua kwa mali yake na akaunti yake, aliyetaka mapema alipata mapema, aliyetaka kungoja alingoja na hakupoteza. Sehemu ya mama imekwenda kwenye matibabu ya macho na nyengine kaitoa kwa kisima cha msikiti kwa niya ya marehemu.

Kuna bibi mmoja jirani yetu, nae mumewe aliacha hisa zile zile, lakini zimebaki kwa jina la marehemu na hakuna aliyejaza fomu yoyote. Kwa sheria ya Kenya mnunuzi akishapata asilimia 90 ya hisa alizoziombea ofa anaweza kuzichukua zilizobaki kwa lazima kwa bei ile ile, kwa hivyo haki yake haijapotea, lakini fedha za marehemu hazitoki mpaka mirathi ithibitishwe. Saivi nimeshamkusanyia cheti cha kifo, cha ndoa na majina ya warithi wote, bado karatasi ya mahkama ya kadhi, na tukishaipata nakwenda nae Mombasa mwenyewe.